Jinsi ya kumsoma Mayawati na wanasiasa wengine Wadalit wa India ukiwa hapa Nairobi

Kama wewe ni ule mtu akipita Jeevanjee na apate wazee wa Bunge la Mwananchi wamesimama wanabishana lazima asimame kidogo, basi siku moja utaskia jina Mayawati likitajwa alafu kila mtu aanze kusema lake. Mmoja atakwambia huyo ni yule mama wa kujijengea masanamu, mwingine huyo ndio Mdalit mwanamke wa kwanza kutawala jimbo huko India, mwingine ameisha huyo, hata mbunge hana. (Wadalit ni wale watu wa chini kabisa kwa mfumo wa matabaka wa India, wale zamani waliitwa wasioguswa.) Wote wako na ukweli kiasi na hakuna hata mmoja amekuonyesha venye hayo mambo yanashikana. Hapa naandika venye mimi humsoma, hatua kwa hatua lakini si kwa mpango sana, ndio ukiulizwa usiongee hewa. Na ukishajua kumsoma yeye, hao wengine kina Kharge, Channi, Manjhi na Chandrashekhar Azad wanakuwa wepesi, juu maswali ya kuuliza ni yale yale mawili tu: tiketi ni ya nani, na mbali na Wadalit ni nani mwingine alimpigia kura.

Kwanza toa gavana kwa akili

Mkenya akiskia jimbo anafikiria kaunti, na akifikiria kaunti anafikiria gavana, na hapo tayari umepotea. India gavana hachaguliwi na mtu, anawekwa na rais kwa ushauri wa serikali ya kitaifa huko Delhi, na kazi yake siku nyingi ni sherehe na kusaini, ingawa bunge likikosa mshindi ama kukiwa na kesi ya mkubwa anaweza kuwa mtu wa maana ghafla, hiyo tutaiona mbele. Mwenye nguvu ni waziri kiongozi wa jimbo. Huyo hapigiwi kura na jimbo lote, ni yule ambaye chama chake ama muungano wake uko na wabunge wengi kwa bunge la jimbo. So hesabu yake si asilimia hamsini na kitu ya wapiga kura kama yetu ya rais. Ni nusu ya viti na kimoja juu. Uttar Pradesh, jimbo la Mayawati, liko na viti 403, so unataka 202, na kila kiti anachukua mwenye amepata kura nyingi kuliko wenzake hata kama ni asilimia 30. Weka hiyo mahali karibu, ndio siri ya karibu kila kitu kitafuata.

Na usidharau neno jimbo. Sensa ya 2011 Uttar Pradesh ilikuwa karibu watu milioni 200, sisi hapa sensa ya 2019 tulikuwa milioni 47 na ushee. Yaani kutawala kutoka Lucknow, mji mkuu wa hilo jimbo, ni kutawala Kenya nne hivi zimewekwa pamoja, na jimbo hilo linapeleka wabunge 80 Delhi kati ya 543. Mtu akikwambia ni mwanasiasa wa jimbo tu, mwache.

Kingine cha haraka, waziri kiongozi si lazima awe na eneo bunge. Anaweza kuapishwa alafu apewe miezi sita aingie nyumba mojawapo ya bunge la jimbo. 2007 Mayawati aliingilia kwa ile nyumba ya juu, hakusimama kwa kura ya wananchi kabisa. Ukiona mtu anakwambia hakuwa halali juu ya hiyo, ujue hajasoma.

Pili elewa kiti cha kutengewa, kwa sababu kinadanganya watu

Hapa Wakenya tuko na bahati juu tuko na Women Rep. Wanawake peke yao ndio wanasimama lakini kaunti nzima, wanaume kwa wanawake, wanapiga kura. Viti vya Wadalit India viko hivo hivo. Katiba imetenga 84 kwa bunge la Delhi, na kwa bunge la Uttar Pradesh pia ni 84, anayesimama lazima awe wa zile jamii zilizoandikwa kwa orodha ya serikali, lakini wapiga kura ni kila mtu wa hapo. Na Wadalit karibu kila mahali ni wachache. So nani anaamua Mdalit gani atashinda? Ni wasio Wadalit.

Hii maneno ilianza kitambo. Ambedkar, wakili Mdalit ambaye baadaye aliongoza kamati ya kuandika katiba, alitaka Wadalit wawe na kura yao peke yao wachague watu wao. Gandhi akakataa, akafunga kula akiwa jela ya Yerwada, na Septemba 1932 Ambedkar akasalimu amri wakasaini mapatano ya Poona: viti vingi zaidi lakini kura ya pamoja. Na angalia venye ilimgeukia, uchaguzi wa kwanza wa India huru Ambedkar mwenyewe alisimama Bombay akashindwa na Mdalit mwenzake wa Congress, chama cha kina Gandhi, 1954 akajaribu tena Bhandara akashindwa. Mtu mkubwa kuliko wote kwa hiyo jamii hakuwahi kuingia Lok Sabha, ile nyumba ya chini ya bunge la Delhi, kwa kura za uchaguzi huo.

So ukisoma maisha ya mwanasiasa Mdalit yeyote, usishangilie kwanza ati amechukua kiti. Uliza tiketi alipewa na chama cha nani na akikohoa vibaya atanyang'anywa na nani. Wengi wao ni watu wazuri sana lakini wako hapo kwa hisani ya mwenye chama, ndio unaona mtu amekuwa mbunge miaka thelathini na kijiji chake bado Wadalit hawachoti maji kisima kimoja na wengine. Kumbuka pia orodha ya serikali inachukua Wadalit Wahindu, Masingasinga na Wabudha tu. Mdalit Mwislamu ama Mkristo hayuko, na hiyo ni kesi nyingine refu ambayo sitaifungua hapa.

Alafu acha kusema ni kabila

Hii ndio mimi hubishana na watu sana. Tukiwa hapa kila kitu tunakipima na kabila, na ukweli kuna vitu vinafanana, mtu wetu, kura zetu, hesabu ya nani na nani wakiungana wanafika. Lakini kabila hapa kiko na kwao. Kuna maeneo bunge ambayo mgombea wa nyumbani hata asipofanya kampeni anapita. Wadalit hawana kwao kwa namna hiyo, wametapakaa kila kijiji, mara nyingi wamewekwa mtaa wao pembeni, kama asilimia 16 na nusu hivi ya India nzima na karibu 21 ya Uttar Pradesh. Ukiwa asilimia 21 kila mahali na mwenye kiti ni anayeongoza tu, ukisimama peke yako unapata kura nyingi sana na viti vichache sana. Ngome hakuna.

Na tena hao asilimia 21 si kitu kimoja. Uttar Pradesh jamii kubwa ya Wadalit ni Jatav, zaidi ya nusu yao, na Mayawati ni Jatav. Kuna Pasi, Valmiki, Kori, Dhobi na wengine wengi ambao saa zingine wanaona Jatav ndio wamekula peke yao. Hiyo pengo ukiikosa hutaelewa kwa nini BJP, chama kikubwa cha siasa za Uhindu, iliingia.

Ukitaka mfano wa kuonyesha wingi pekee si dawa, angalia Punjab. Ndio jimbo liko na Wadalit wengi kwa asilimia, karibu 32, na halikuwahi kuwa na waziri kiongozi Mdalit mpaka Septemba 2021 Congress ilipomweka Charanjit Singh Channi, miezi michache tu kabla ya uchaguzi, alafu Machi 2022 akabebwa na maji ya chama kingine, AAP. Kanshi Ram, mwalimu wa Mayawati, alikuwa mtu wa Punjab na bado chama chake kilishika Uttar Pradesh. Maoni yangu ni kwamba Jatav wa Uttar Pradesh walikuwa kundi moja kubwa lenye kuamua pamoja, na Punjab watu walikuwa wamegawanyika kwa dini na kwa jamii ndogo ndogo.

Sasa chukua karatasi

Piga mstari katikati. Upande wa kushoto andika mwaka, upande wa kulia andika alikuwa na nani. Usiandike alijenga nini ama alishtakiwa nini, hiyo ngoja kwanza. Ukimaliza utaona maisha yake yote yamejipanga hapo kulia.

1956, Januari 15, anazaliwa Delhi. Baba anafanya kazi posta. Anasoma chuo, anasomea ualimu, baadaye sheria, anafundisha shule mtaa wa Inderpuri na usiku anasoma mtihani wa kuingia utumishi wa juu wa serikali, ule wa IAS. 1977 anasimama kwa mkutano Delhi anamkabili waziri Raj Narain hadharani, Kanshi Ram anaskia habari zake, anakuja kwao nyumbani usiku. Inasemekana alimwambia hivi, kwa maneno yangu: acha huo mtihani, mimi nitakufanya kiongozi mkubwa mpaka hao maafisa wa IAS wapange laini wakingojea amri yako. Baba hakupenda. Mwishowe binti aliondoka nyumbani akaenda kuishi maisha ya chama, na hajawahi kuolewa, kitu ambacho magazeti ya huko walimsemea sana kwa njia ambayo mwanaume hangesemewa.

Huyo Kanshi Ram ukimruka umeruka nusu ya hadithi. Alikuwa mwanasayansi kwa maabara ya ulinzi Pune, akaacha kazi baada ya vita za kufutwa likizo ya siku ya kuzaliwa Ambedkar. Hakuanza na mikutano ya siasa. 1978 alianza na chama cha wafanyakazi wa serikali, BAMCEF, wale makarani na walimu na watu wa posta ambao walipata kazi kupitia nafasi za kutengewa. Hao ndio walitoa pesa na muda. Chama chao chenyewe, BSP (Bahujan Samaj Party), kikazaliwa Aprili 14, 1984, siku ya kuzaliwa Ambedkar, alama tembo, rangi bluu. Angalia akili hapo: alijenga mfuko kwanza, alafu chama, ndio tiketi isitoke kwa mtu mwingine. Hilo ndio jibu la swali letu la kwanza, na ndio linamtofautisha Mayawati na karibu Wadalit wengine wote wakubwa wa India.

1984 Mayawati anasimama Kairana, anaanguka. 1985 uchaguzi mdogo Bijnor, anaanguka, na hii race ni tamu juu wote watatu wa mbele walikuwa Wadalit: Meira Kumar wa Congress, binti ya waziri mkubwa Jagjivan Ram, akashinda, na wale wengine wawili walikuwa Ram Vilas Paswan na Mayawati. 1987 Haridwar, anaanguka tena. Kanshi Ram alikuwa anasema uchaguzi wa kwanza ni wa kushindwa, wa pili wa kushindisha wengine, wa tatu ndio wa kushinda, na 1989 Bijnor ikampa kiti cha Delhi. So ukiona mtu wa BSP ameanguka mara mbili usicheke haraka.

1993, upande wa kulia andika Mulayam Singh Yadav. SP (Samajwadi Party) ya Mulayam, chama cha Wayadav, viti 109, BSP 67, BJP peke yake 177, lakini hao wawili na marafiki wengine wakaiba mechi. Wadalit na Wayadav, yaani mfanyakazi wa shamba na mwenye kashamba kadogo anayemwajiri na kumpiga, wamekaa serikali moja. Haingedumu. Juni 2, 1995 BSP imeshatoa mguu, Mayawati yuko na wabunge wake kwa nyumba ya wageni ya serikali Lucknow, wafuasi wa SP wakavamia, wakavunja, yeye akajifungia chumba. Kesho yake, Juni 3, akaapishwa waziri kiongozi kwa kura za BJP, chama cha watu wa tabaka za juu. Mdalit mwanamke wa kwanza India nzima kufika hapo, umri miaka 39.

Serikali ilidumu mpaka Oktoba. Na watu husema ati miezi minne haina maana, mi napinga. Alihamisha maafisa kwa wingi, vijiji vyenye Wadalit wengi vikapelekewa barabara, mitaro, pampu na nyumba chini ya mpango wa vijiji vya Ambedkar, na polisi wakaambiwa Mdalit akija kushtaki andika kesi. Mtu ambaye babake hakuwahi kuketi kiti kwa ofisi ya chifu sasa anaona OCS anasimama. Hiyo ndio ilifanya kura za Jatav zikaganda kwake miaka ishirini na kitu, kuliko hotuba yoyote.

1997 andika BJP tena: mapatano ya kupokezana miezi sita sita. Yeye akaanza Machi 21, akamaliza Septemba, akampatia Kalyan Singh wa BJP, wiki chache baadaye akatoa msaada ndio serikali ianguke, lakini Kalyan akatafuta waasi akabaki. 2002 BSP 98, andika BJP mara ya tatu, Mei mpaka Agosti 2003, akajiuzulu akidhani uchaguzi utaitishwa, kumbe Mulayam alikuwa ashaanza kuongea na wabunge wake, kundi likavuka likaenda. Kununuliwa kwa wabunge ndio ugonjwa wa BSP. Mpaka 2019 Rajasthan wabunge wake wote sita walihamia Congress siku moja, na sheria ya kuhama chama haikuwagusa kwa sababu wakivuka wote inaitwa kuungana, si kuhama.

Na sasa 2007, andika upande wa kulia: Wabrahmin, yaani tabaka la juu kabisa. Hii ndio sehemu ya kukaa nayo. BSP ilianza ikitukana tabaka za juu wazi wazi. Lakini Mayawati alikuwa ashapiga hesabu: nikiungana na chama kingine, kura zangu zinaenda kwake na zake hazikuji kwangu, na wakitaka wananiangusha. So badala ya kuungana na chama cha Wabrahmin akawaita Wabrahmin wenyewe waingie kwa tiketi yake. Wakili Satish Chandra Misra ndio alikuwa daraja, kamati za undugu zikaundwa eneo bunge kwa eneo bunge, Mdalit na Mbrahmin pamoja, na wafuasi wakaanza kuimba ati huyo si tembo, ni Ganesh, yule mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Wabrahmin walikuwa wamechoka na Wayadav wa Mulayam na BJP ilikuwa imelala. Tiketi nyingi wakapewa, Waislamu pia. Matokeo: asilimia 30 ya kura, viti 206 kati ya 403. Serikali ya peke yake, akamaliza muhula mzima wa miaka mitano, kitu ambacho waziri kiongozi yeyote wa hapo hakuwa amefanya kabla yake.

Tatu, soma asilimia kabla ya viti

Hapa ndio watu wa vichwa vya habari wanaanguka. Asilimia 30 ilimpa 206. 2012 alipata karibu 26, SP ikapata 29, na viti vikawa 80 kwa 224. Pointi nne chini, viti 126 vimeenda. 2014 kura ya Delhi alipata karibu asilimia 20 ya jimbo na viti sufuri, na kitaifa BSP ilikuwa ya tatu kwa kura. 2017 ndio naipenda: BSP asilimia 22 viti 19, SP ilikuwa chini yake kidogo kwa kura na ikapata 47, juu SP iligawana maeneo na Congress na BSP ikasimama kila mahali peke yake. Umeona sasa kwa nini nilisema ngome hakuna.

Angalia pia viti vya kutengewa kila uchaguzi. 2012 SP ilichukua vingi kuliko BSP, na mtu mgeni anashangaa, Wadalit wamemtoroka? Hapana, wengi wa Jatav walikuwa bado hapo, ni wale wengine wa hapo walihama, na kama tulivyosema hao ndio huamua. Kutoroka kwa kweli kulikuja baadaye. Kuanzia 2014 BJP ikachukua Wapasi, Wavalmiki na wengine wasio Jatav, moja moja, kwa vyeo na kwa gesi ya kupikia na chakula cha bure. 2019 akamfuata Mulayam mwenyewe kwa jukwaa moja Mainpuri, miaka karibu 24 baada ya ile nyumba ya wageni, handisheki ya nguvu kweli, akapata viti 10 SP ikapata 5, na mwezi uliofuata akaivunja akisema kura za SP hazikuhamia kwake. 2022 asilimia 13 hivi, kiti kimoja, na huyo mbunge mmoja wala si Mdalit. 2024 asilimia 9 na kitu, sufuri.

Asilimia 9 ni chini hata ya Jatav wenyewe. Hiyo ndio namba ya kubeba ukienda kubishana, juu inaonyesha kwamba sasa si wageni tu wameondoka, hata wenye nyumba wameanza.

Masanamu, pesa na kesi

Nimeziacha nyuma makusudi, kwa sababu wengi huanza hapo na hawatoki. Ni kweli alijenga mabustani makubwa Lucknow na Noida, mawe na tembo na sanamu za Ambedkar, Kanshi Ram na zake mwenyewe, na Januari 2012 tume ya uchaguzi ikaamuru zifunikwe mpaka kura iishe, jambo ambalo lilifanya kila mtu aziongelee zaidi. Ukipima hii weka vitu viwili pamoja. Miji ya India imejaa sanamu za watu wa tabaka za juu na hakuna aliyehesabu bei, na Mdalit kuingia bustani ya mawe ya nguvu yenye mashujaa wake si kitu kidogo. Lakini kujiweka mwenyewe ukiwa hai na ukiwa ofisini, kwa pesa ya umma, hapo mimi siwezi kumtetea, hata akisema ni Kanshi Ram alitaka.

Kesi nazo zisome mpaka mwisho. Ile ya mradi wa rupia bilioni 1.75 karibu na Taj Mahal, Korti ya Juu (Supreme Court) iliagiza uchunguzi 2003, wapelelezi wa CBI wakataka kumshtaki, 2007 gavana akakataa kutoa ruhusa. Huyo ndio gavana niliyekwambia. Ile ya mali nyingi kuliko mshahara ilitupwa na Korti ya Juu 2012 kwa sababu CBI haikuwa imeagizwa kuichunguza, si kwa sababu mahesabu yalipimwa yakapatikana safi. So usiseme alipatikana na hatia na usiseme aliondolewa doa. Mwenyewe alitangaza mali ya zaidi ya rupia bilioni 1 akienda seneti ya Delhi mwaka huo huo, akisema ni michango ya wafuasi. Kumbuka pia mwenye chama asiye na matajiri nyuma yake lazima atoe pesa mahali, na tiketi za BSP kuuzwa ni lawama ya miaka nenda rudi, hata kutoka kwa watu wake waliotoka.

Ukimaliza yeye, weka wengine kwa karatasi hiyo hiyo

Haraka haraka. Damodaram Sanjivayya, Andhra Pradesh 1960, waziri kiongozi wa kwanza Mdalit India, tiketi ya Congress. Jitan Ram Manjhi, Bihar Mei 2014, aliwekwa na Nitish Kumar amshikie kiti, alipoanza kujifanyia mambo yake Februari 2015 akatolewa. Mallikarjun Kharge, Karnataka, ameshinda chaguzi mfululizo miaka mingi, wakubwa wa chama wakapitisha wengine kuwa waziri kiongozi mara kadhaa, 2022 akawa rais wa chama chote cha Congress ila jimbo lake hakuwahi kulishika. Kila mmoja hapo jibu la tiketi ni la nani linakueleza mwisho wake kabla hujasoma.

Alafu kuna 2024. Chandrashekhar Azad, kijana wa Bhim Army, kundi la kutetea Wadalit, alishinda Nagina kwa chama chake mwenyewe, maeneo yale yale ya Bijnor Mayawati alishinda mara ya kwanza. Na Awadhesh Prasad wa SP, Mpasi, alishinda Faizabad penye iko Ayodhya, kiti cha wote, si cha kutengewa. Hao wawili wafuatilie kuliko kusoma tena ile ya masanamu.

Mambo madogo ya mwisho

Usiende Ngara ama Parklands kumuuliza mwenye duka ati wewe ni tabaka gani na Mayawati unamwonaje. Kwanza ni ukosefu wa adabu, hata kama mnaitana bhai kila siku. Pili Wahindi wengi wa hapa wazee wao walitoka Gujarat na Punjab, Uttar Pradesh kwao ni mbali kama wewe ulizwe siasa za Kinshasa.

Matokeo yachukue kwa tovuti ya tume ya uchaguzi ya India, iko kila eneo bunge na kila mgombea, bure. Mali na kesi za mgombea ziko kwa hati ya kiapo anayojaza, nayo iko wazi kwa umma. Video za dakika mbili zenye muziki wa huzuni achana nazo.

Uchaguzi wa bunge la Uttar Pradesh unaofuata ni mwanzo wa 2027. Kabla ya hapo angalia Akash Anand, mtoto wa kakake Mayawati, alitangazwa mrithi Desemba 2023, akatolewa Mei 2024, akarudishwa mwezi uliofuata, Machi 2025 akafukuzwa kabisa kwa chama, Aprili akasamehewa. Siku ya matokeo, kabla hujaangalia nani ameunda serikali, fungua asilimia ya BSP uone kama imeshuka chini ya 9, alafu fungua vile viti 84 ujue vimeenda kwa nani, alafu ndio urudi Jeevanjee.